Mpaka afunge bao ndipo awe ndugu yetu?

 

Leo naomba niseme jambo lililonikaa kifuani tangu mwaka juzi, nalo linanihusu mimi mwenyewe kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote. Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Mwaka ule nilikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyetoka Chogo, wilayani Handeni. Alikuwa anakaa kwa jamaa yake Pongwe, na kila alfajiri alikuwa anagombania daladala na watu wazima. Msomaji wa Tanga anajua namna makondakta wanavyowatazama wanafunzi wenye nauli ya nusu. Siku nyingi alifika kipindi cha kwanza kimeshaanza, viatu vimejaa vumbi, akasimama mlangoni akisubiri kuruhusiwa.

Wenzake walimwita "Msomali". Si kwa ubaya sana, watasema wao, ni utani tu. Nami nililisikia jina hilo darasani mwangu muda wote huo, nikalipita kama ninavyopita kelele za barabarani.

Kijana huyu alinijia mara tatu kuniomba barua ya kumtambulisha kwa kamati ya msikiti mmoja hapa mjini wenye vyumba viwili vya kuhifadhi wanafunzi wa mbali. Mara ya kwanza nilimwambia aje kesho. Mara ya pili nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Mara ya tatu sikumbuki nilimwambia nini, na hilo la kutokumbuka ndilo linalonisikitisha zaidi.

Yakaja mashindano ya UMISSETA. Kijana akachezeshwa winga ya kushoto kwa sababu aliyekuwa anacheza pale aliugua. Akafunga mabao mawili. Wale waliomwita Msomali walimbeba mabegani wakiimba kwamba huyu ni mtoto wa Tanga. Asubuhi yake, hata chai sijanywa, niliandika ile barua. Nilimwita ofisini, nikampa mkononi, nikamsifu. Akaipokea kwa mikono miwili kwa adabu, akaitazama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustadhi, na kama nisingefunga?"

Ndugu msomaji, nimesoma chuo kikuu, nimesimama mbele ya wahadhiri nikatetea utafiti wangu, lakini swali lile sikuwa na jibu lake. Makala haya ni jaribio la kulijibu, ingawa nimechelewa.

Huyo "Msomali" ni nani?

Kwanza tuanze na jina. Kijana yule hajawahi kuiona Somalia. Babu yake alitoka huko kwa jahazi baada ya dola ya Somalia kuporomoka mwaka 1991. Lakini babu wa babu yake alikwenda vipi Somalia? Hapo ndipo sisi watu wa mkoa huu tunapopaswa kuinamisha vichwa.

Miaka ya 1830 njaa kali iliikumba nchi ya Uzigua, hapa hapa kwetu, bara ya Pangani na Sadani. Watu walijitoa rehani wao na watoto wao ili wapate chakula. Wafanyabiashara wa pwani wakawapakia majahazini, wakauzwa Barawa, Marka na Mogadishu, wakafanyishwa kazi katika mashamba ya bonde la Mto Shebelle. Baadhi yao walitoroka kuelekea kusini wakitaka kurudi kwao kwa miguu. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyeuongoza msafara huo. Hawakufika. Walikaa katika misitu ya Mto Juba, sehemu inayoitwa Gosha, wakalima, wakasilimu, na wengi wakaendelea kuzungumza Kizigua kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Vita vilipowatoa huko, wapo waliopanda majahazi na kurudi upande ambao wazee wao walichukuliwa. Wakapokelewa Mkuyu, wilayani Handeni, na baadaye wakapewa ardhi Chogo. Serikali yetu ilifanya jambo la kupongezwa, kwani mpaka mwaka 2009 zaidi ya elfu moja walikuwa wameshapewa uraia wa Tanzania. Wenyeji wa Handeni wamesimulia mshangao wa kukutana na watu wanaosema Kizigua cha mababu, chenye maneno ambayo vijana wa huku wameshayasahau.

Basi yule tuliyekuwa tunamwita Msomali ndiye pengine aliyekuwa Mzigua kuliko nusu ya darasa. Huko Somalia wazee wake waliitwa wageni kwa sababu ya nywele zao na pua zao. Wakarudi kwao, wajukuu wao wakaitwa wageni kwa sababu ya mahali walikotoka. Mtu huyu aende wapi ndipo aitwe mwenyeji?

Ndugu zao wa Marekani

Si wote waliofika Handeni. Wengi waliishia katika kambi za Dadaab nchini Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwachukua wapatao 12,000. Walihamishiwa Kakuma mwaka 2002 na kuanzia mwaka uliofuata wakaanza kusafirishwa. Wengine walijikuta katika miji midogo yenye baridi kali ya kaskazini mashariki, kama vile Manchester katika jimbo la New Hampshire, na Lewiston katika jimbo la Maine.

Lewiston inafaa tuitazame kwa makini, kwa sababu swali la mwanafunzi wangu liliulizwa na mji mzima. Wasomali walianza kuhamia pale mwaka 2001. Oktoba 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi kuwaomba wazee wao wawaambie jamaa zao wapunguze kuja, kwani mji umeelemewa. Mwanzoni mwa mwaka 2003 kikundi cha wabaguzi kikaja kufanya mkutano wa kuwapinga, ingawa insafu inatutaka tuseme kwamba maelfu ya wakazi walikusanyika siku hiyo hiyo kuwatetea.

Watoto wa wageni hao wakakua wakicheza mpira. Novemba 2015 timu ya shule ya sekondari ya Lewiston ilichukua ubingwa wa jimbo kwa kuifunga Scarborough bao 1-0. Wengi wa wachezaji wake walikuwa watoto wa wakimbizi kutoka Somalia, Kenya na Kongo, wakichanganyika na wenyeji. Na unajua, msomaji, wito wao wa kutiana moyo ulikuwa upi? "Pamoja ndugu." Kiswahili hicho, katika nchi ya theluji. Mji ule ule ulioandikiwa barua sasa ulijaa uwanjani kuwashangilia.

Ni habari njema, na mimi niliposoma habari zao nilifurahi. Lakini baada ya furaha nikalisikia tena lile swali: na kama wasingefunga?

Mlango mwembamba wa vyuo

Wapo vijana wa asili hiyo waliokwenda mbali zaidi ya shule ya sekondari. Huko Marekani mpira na masomo vimefungwa pamoja. Kijana mwenye kipaji huchukuliwa na chuo kikuu kwa ufadhili, anasoma na kuchezea chuo, na akifanya vizuri klabu za ligi kuu yao, MLS, humchagua.

Kwa mtoto wa mkimbizi mlango huu ni mwembamba. Makocha wa vyuo huwatafuta vijana katika klabu za watoto, na klabu hizo wazazi huzilipia, aghalabu maelfu ya dola kwa mwaka. Mzazi anayefagia usiku katika kiwanda cha nyama atazitoa wapi? Aidha, kijana lazima awe na alama za kutosha katika masomo maalumu ya sekondari, hali lugha ya masomo hayo ameanza kuijua akiwa na miaka kumi au zaidi. Na akivuka yote hayo, kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu chuo cha daraja la kwanza kutoa ufadhili kamili usiozidi 9.9 kwa timu nzima ya soka ya wanaume, ambao makocha waliugawa vipande vipande kwa wachezaji ishirini na zaidi. Kanuni hiyo imeanza kubadilika mwaka 2025 tu.

Pamoja na hayo wapo waliopita. Handwalla Bwana alizaliwa Mombasa mwaka 1999, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya Somalia. Familia ilihamia Marekani mwaka 2010. Mwaka 2017 alichezea Chuo Kikuu cha Washington, na Januari 2018 akasajiliwa na Seattle Sounders. Siad Haji, mtoto wa familia ya wakimbizi kutoka Somalia iliyokaa katika mji ule niliokwisha kuutaja wa Manchester, alichezea chuo kikuu cha Virginia Commonwealth, na Januari 2019, klabu zilipokuwa zikichagua wachezaji wa vyuo wa nchi nzima, alikuwa wa pili kuitwa, akachukuliwa na San Jose Earthquakes.

Hawa wanastahiki sifa. Uislamu haudharau nguvu wala juhudi. Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (RA), na katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim alitufundisha kuwa muumini mwenye nguvu anapendwa zaidi na Allah kuliko aliye dhaifu, na kwamba katika kila mmoja wao mna kheri. Hiyo sehemu ya pili ya hadithi ndiyo tunayopenda kuisahau.

Sifa na haki ni vitu viwili

Atasema msomaji: sasa mwalimu, tatizo liko wapi? Mpira umevunja ukuta, watu wamependana, wewe unataka nini tena?

Nataka tuuangalie huo ukuta umevunjwa namna gani. Kila aliyewahi kukaa jukwaani Mkwakwani anaijua tabia yetu. Mchezaji mgeni akiifungia Coastal, huyo ni mgosi mwenzetu, amekuwa mtoto wa nyumbani. Jumamosi inayofuata akikosa penalti, watu wanaulizana, hivi huyu katoka wapi? Undugu uliopatikana kwa bao hupotea kwa penalti. Basi huo haukuwa undugu, ulikuwa mkopo, na mwenye kukopesha anaweza kudai siku yoyote.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba aliyefunga na asiyefunga ni sawa katika sifa za mpira. La hasha. Kipa hodari asifiwe kwa kudaka, mwanafunzi hodari asifiwe kwa alama zake. Sifa ni ujira wa kazi, na kumnyima aliyefanya kazi ni dhulma. Lakini kuna kitu kingine ambacho si ujira, nacho ni haki ya mtu kuitwa kwa jina lake, kusikilizwa shida yake na kutendewa kama mtu. Hicho hakisubiri kazi. Katika Suratul Hujurat aya ya 13 Allah (SW) anatufahamisha kuwa ametuumba kwa mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele Yake ni mcha-Mungu zaidi. Ucha Mungu anaupima Yeye. Sisi tulichoachiwa ni kujuana. Kosa langu lilikuwa kukichukua kitu cha pili, ambacho ni haki, na kukifanya zawadi ya kitu cha kwanza, ambacho ni sifa. Barua ile ilikuwa haki ya kijana tangu siku ya kwanza, nami nikampa kama kikombe cha ushindi.

Lipo la pili. Hizi habari za "aliyevishinda vikwazo" zina matumizi mawili. Zinamtia moyo mnyonge, na hilo ni jema. Lakini pia zinamtuliza mwenye nafasi. Tukishamwona mmoja amepita, tunasema kumbe njia ipo, basi waliobaki ni wavivu. Hatuulizi tena kwa nini mlango ni mwembamba. Bernard Kamungo alizaliwa mwaka 2002 katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, katika nchi yetu hii. Familia yake ilihamia Abilene, Texas, mwaka 2016. Yeye hakupitia chuo. Kaka yake alimlipia ada akashiriki majaribio ya wazi ya timu ya North Texas mwaka 2021, akachukuliwa, na miaka miwili baadaye alikuwa FC Dallas akiifunga Inter Miami ya Messi. Juhudi yake haina shaka. Lakini je, kaka yake asingekuwa na zile pesa siku ile? Vipaji vingapi vimebaki Nyarugusu, na vingapi Chogo? Sisi tunaoamini qadar tunajua kuwa nyuma ya kila juhudi iliyofanikiwa ipo tawfiki ya Allah (SW), na mara nyingi tawfiki hiyo hupitia mkononi mwa mtu fulani. Wakati mwingine mtu huyo ni mwalimu aliyeombwa barua.

Waliotangulia walifundishwaje?

Mafundisho katika jambo hili yapo wazi, tena yaliwagusa watu wakubwa kuliko sisi. Abdullah bin Ummi Maktum (RA), kipofu, alimjia Mtume (SAW) wakati akizungumza na vigogo wa Kikureshi kwa matumaini kuwa wakisilimu watawavuta wengine. Nia ilikuwa njema kabisa. Hata hivyo ikashuka Suratu Abasa, ambayo tunaisoma mpaka leo, kumwelekeza Mtume wake amsikilize aliyekuja mbio na moyo mkunjufu. Nimeifundisha sura hiyo miaka mingi. Nilikuwa nadhani inawahusu Makureshi.

Sa'd bin Abi Waqqas (RA), shujaa wa vita na mrusha mishale hodari, alipojiona ana ubora juu ya wengine, Mtume (SAW) alimkumbusha, kama ilivyo katika Sahihi Bukhari, kwamba wao wananusuriwa na kuruzukiwa kwa sababu ya wanyonge wao. Tafakari hapo, msomaji. Sisi tunadhani mnyonge anabebwa na mwenye nguvu. Mtume (SAW) anasema mwenye nguvu ndiye anayebebwa.

Na kuhusu utani wa majina, Abu Dharr (RA) alipomtukana mwenzake kwa asili ya mama yake, na wanazuoni wengi wanasema mwenzake huyo ni Bilal (RA), Mtume (SAW) alimwambia kuwa bado ana ujahiliya ndani yake. Abu Dharr, mmoja wa waliotangulia katika Uislamu! Hakuambiwa kwamba ni utani tu.

Tena alikuwepo mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alipofariki, masahaba walimzika bila kumjulisha Mtume (SAW), wakiona ni jambo dogo. Alipouliza habari zake na kuambiwa, akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia. Mwanamke yule hakufunga bao lolote. Alifagia, na alikuwa mtu.

Mwisho wa habari ya kijana

Msomaji atapenda kujua kijana wangu aliishia wapi. Hakuchaguliwa timu ya mkoa. Waliokwenda walikuwa bora, na mimi nilikuwepo nikaona, hakuna aliyeonewa. Aliporudi darasani hakubebwa na mtu. Wiki mbili baadaye nikalisikia tena lile jina, "Msomali", kutoka dawati la nyuma. Siku hiyo nilifunga kitabu. Nilichora ubaoni ramani ya pwani, kuanzia Pangani mpaka Mto Juba, nikawasimulia habari ya njaa ya Uzigua na majahazi, kisha nikamwomba kijana, akitaka, atusemee salamu kwa Kizigua cha kwao. Akasema. Kuna mwanafunzi wa Handeni, mmoja wa waliokuwa wakimtania, akaitikia kabla hajajua kuwa ameitikia. Darasa likacheka, naye akacheka.

Sikudai kuwa nimemaliza tatizo. Lakini kabla ya kutoka nilimjibu swali lake, mbele ya wenzake, kwa sababu nilimkosea akiwa peke yake na ilifaa nikiri mbele ya watu. Nilimwambia: "Mwanangu, uliniuliza kama usingefunga. Usingefunga, ningeendelea kukuambia njoo kesho. Na hilo lingekuwa kosa langu mbele ya Allah, si lako. Nisamehe." Alitazama chini, akasema, "Yameisha, Ustadhi."

Sasa nina utaratibu mmoja mdogo. Mwanafunzi akiniomba barua, naiandika siku hiyo hiyo, kabla sijamuuliza anacheza nini wala amepata alama ngapi. Mwezi uliopita alikuja binti mmoja mkimya, mgeni, ambaye hata jina lake ilinibidi nimuulize. Hachezi netiboli, haimbi kaswida, hajawahi kuwa wa kwanza katika somo lolote. Alitaka barua ya kuazima vitabu maktaba. Niliiandika amesimama pale pale.

Nawaomba walimu wenzangu, maimamu na viongozi wa kamati za misikiti ya Tanga, Pangani, Muheza na Handeni tujiulize kila mmoja kwa nafasi yake: ni nani aliyesimama mlangoni kwetu akisubiri, ambaye hatujamwona kwa sababu bado hajafunga bao?

Wabillahi tawfiiq.